Mkono wa Kushoto

Padri, umenitaka Jumapili nisimame
niwaambie akina mama Mkristo apige kura vipi.
Mie fundi cherahani. Najua kupima kiuno,
najua kitambaa kipi kikifuliwa kitachuja.
Hili lako halina futi.

Nitasimulia tu.

Yale mabati thamanini yalifika Alhamisi,
yakashushwa uani kwa kishindo, kuku wakatimka.
Katekista Anzelmo akayahesabu mara mbili
akatokwa na machozi, na sikumcheka:
masika yale alibatiza huku ndoo
ikikinga matone juu ya altare.
Aliyeyaleta hakutaja chama. Alisema,
"Nyinyi watu wa kanisani hatuna shaka nanyi,"
akatabasamu kama anayekunja noti
na kuitia katika mfuko wa shati la mtoto.

Hatuna shaka nanyi.
Usiku neno hilo lilinikereketa
kama vumbi la makonyo kooni.
Mtu asiye na shaka nawe
keshakuhesabu.

Kitambulisho changu nilikipata asubuhi moja,
chai haijapoa. Mie, niliyeletwa Wete na baba
kutoka Newala, miaka tisa, kuku kwapani,
baba akiufuata msimu wa karafuu.
Bi Time wa Haji, tunayegawana ukuta,
ambaye kitovu chake kimezikwa hapo hapo penye mfenesi wao,
alikwenda kwa sheha mara saba.
Jina halimo. Rudi Jumatatu.
Sheha kasafiri. Jina halimo.
Mara ya saba alirudi, akanirejeshea bakuli langu la mboga
halina kitu ndani.
Miaka ishirini na sita, Padri,
bakuli halijapata kuvuka ukuta ule likiwa tupu.

Hapo ndipo nilipoanza kusali juu ya kura.
Sikusali nani ashinde.
Nilisali juu ya bakuli.

Nikavaa gauni la Pasaka, nikafuatana naye.
Nikamwambia sheha: huyu namjua.
Ndiye aliyenikanda nilipojifungua Deogratias,
ndiye aliyetupikia uji tulipomzika baba.
Kama ushahidi unataka jina, andika langu.
Akanitazama kwa huruma, hivi, kama mgonjwa.
"Mama Deo, haya si yenu."

Si yetu!
Na mabati je, yalikuwa ya nani?

Sitakudanganya: hakuandikwa.
Siku ya kura alibaki kibarazani
akichambua karafuu, jamvi limejaa,
akaniambia, "Nenda weye, jua lisikukute."
Kule ndani, nyuma ya boksi la karatasi,
hapakuwa na Anzelmo, wala weye Padri, wala bati.
Palikuwa na mie, na kalamu iliyofungwa kamba,
na Yule ajuaye hata kalamu inapotetemeka.
Nilipotia alama sisemi. Usiniulize hata kitubioni,
maana hilo silitubii.

Misa iliyofuata nilichovya vidole maji ya baraka.
Ishara ya msalaba ni mkono wa kulia;
wino uko kidole cha mwisho cha kushoto,
nimesugua kwa ndimu, kwa majivu, haung'oki.
Kwenye sadaka tumefundishwa
mkono mmoja usijue utendalo mwenziwe.
Kwenye kura nadhani sivyo.
Nataka huu unaosali
uujue vizuri ule uliotiwa wino,
uukamate usiku, uuulize:
ulimkumbuka nani mle ndani?

Basi hayo ndiyo nitakayowaambia akina mama,
nayo si mafundisho.
Mabati bado yameegemea ukuta wa sakristia.
Vuli imeanza. Anzelmo haniamkii,
na ndoo iko pale pale juu ya altare.

Jana nimepika kisamvu cha nazi,
nimelijaza lile bakuli mpaka ukingoni,
nimelipitisha juu ya ukuta.
Mkono ulilipokea, sikuuona uso.

Halijarudi.